Plasta kwenye Jicho la Kompyuta

Tuliokuwepo ukumbini siku ya arobaini ya dada yangu Mwanahamisi, baada ya wageni wa mbali kushiba pilau na kuaga, ni hawa. Mimi, Mwanaidi, ndugu yake wa ziwa moja. Zuhura, binti yangu, ambaye marehemu alikuwa mama yake mkubwa. Athumani, kaka wa marehemu Salimu aliyekuwa mume wa Zuhura. Huyo ni shemeji yetu, na ushemeji haukuzikwa pamoja na Salimu. Bi Chiku, jirani tunayechangia naye ukuta hapa Ngamiani tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Na Hemedi, aliyemwoa binti wa Bi Chiku, ambaye ndiye aliyetuuzia ile kompyuta. Wengine walikuwa uani wakisugua masufuria, na hao siwaingizi humu maana hawakuyaona niliyoyaona.

Tulikuwa tunagawa nguo za marehemu. Mimi nilikuwa nimeegemea mto, miguu imevimba kwa siku za kusimama jikoni, nasema tu hii mpe fulani, hii mpe fulani. Zuhura alikuwa ameinamia sanduku. Chini ya kanga, chini ya shuka lile la harusi ambalo dada hakulitandika hata mara moja, akatoa kitu bapa kilichofungwa kwa kitambaa cha kufuma. Nilikijua kabla hajakifungua. "Mama," akasema, "kumbe kiko huku." Nikamjibu, "Kingekuwa wapi?" Ilikuwa kompyuta ndogo nyeusi, ukubwa wa kibao cha kukatia vitunguu, imekufa zamani, haiwaki tena hata uichomeke kutwa nzima. Juu ya kioo chake, pale penye jicho la kupigia picha, kipande cha plasta la kidonda kilikuwa bado kimeganda, kimegeuka rangi ya chai. Zuhura akaliangalia lile plasta akacheka kidogo, akasema, "Nakumbuka nilivyolibandua." Nikamwambia, "Hukulibandua wewe." Hapo ndipo mabishano yalipoanzia, na usingizi wangu wa wiki hii umeishia hapo hapo. Watu wengine ukiwauliza mwaka uliowafundisha dunia, wanakwambia wa ujana wao. Mwaka wangu mimi ulinikuta nina wajukuu na magoti mabovu, na kusoma kwangu kuliishia darasa la tatu.

Ulikuwa mwaka aliokufa Salimu. Presha ilimchukua asubuhi, akiwa ameshika kikombe. Zuhura akaingia eda katika chumba changu cha nyuma, kile kinachotazama uani kwa mlango na kichochoro kwa dirisha. Chumba kina kitanda cha kamba, kabati la kioo, na harufu ya unga, maana ndimo ninamowekea vitu vyangu vya vitumbua. Dada Mwanahamisi alifunga nyumba yake Nguvumali akaja kukaa nasi, kuilinda eda. Alikuwa anayajua masharti yote, yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Siku ya kwanza alichukua shuka akalifunika kabati, kwa sababu mwenye eda, kwa mila tuliyoikuta, hajitazami. Akatoa chupa ya marashi, akatoa hina, akatoa hata kile kitezo changu cha udi akakipeleka kwa Bi Chiku. Dirisha akalifunga pazia nene. Chakula alipika mwenyewe: bada, yaani ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa mchana, uji wa pilipili manga jioni, na akikuona umeacha tonge sahanini anakutazama mpaka ulile. Zuhura alikuwa anakula akiangalia ukutani. Hazungumzi. Nilikuwa nikipita na beseni la unga namwona amekaa vile vile nilivyomwacha.

Sasa ilikuwa hivi. Zuhura alikuwa mwalimu wa chekechea, na kwa miaka miwili alikuwa anasoma stashahada kwa masafa, kazini mchana, chuoni jioni. Chuo kilikuwa na chumba cha kompyuta kule Raskazone. Salimu ndiye aliyekuwa akimpakia kwenye baiskeli, na akifika hageuki kurudi. Anakaa nje ya geti, ananunua muhogo wa kuchoma, anamngoja mpaka amalize, na wakirudi wote wawili wananuka moshi wa muhogo. Ilikuwa imebaki kazi moja tu: kumaliza andiko lake, kisha kulieleza mbele ya walimu. Asipolieleza, anarudia mwaka. Wiki ya pili ya eda, siku moja ninakanda unga, akafungua mdomo. Hakulia. Alisema tu, "Mama, nikiacha sasa sitarudi tena. Najijua." Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwenye eda hatoki." Zuhura akajibu, "Sijasema nitoke, mama mkubwa. Nataka kompyuta ndogo, ya kukaa nayo humu humu." Dada akachambua, akachambua, mwisho akasema, "Kama haimtoi mtu nje, sina neno nayo." Ndivyo nilivyotoa akiba yangu ya vitumbua.

Nikatumwa mimi kununua. Hemedi wakati huo alikuwa bado kijana wa watu, ana kibanda mtaa wa pili, anauza simu na kompyuta zilizokwisha kutumika. Zuhura alinipa simu yake nyingine, akanionyesha pa kubonyeza nikifika. Lakini kando yake alikaa dada, na kwa dada sauti ya mwenye eda haikutakiwa kufika kwa mwanamume asiye maharimu wake. Kwa hiyo Hemedi akisema, mimi namrudishia Zuhura kwenye simu. Zuhura akinong'ona, mimi namrudishia Hemedi. Na simu ilikuwa kwenye spika, maana sikujua kuitoa, hivyo kila aliyesimama dukani alisikia kila neno mara mbili.

"Muulize betri inakaa muda gani," Zuhura akanong'ona.

"Anauliza betri inakaa muda gani," nikasema.

"Nimemsikia, bibi," Hemedi akasema.

"Hujamsikia. Umenisikia mimi."

Hemedi akakuna kichwa, akaanza kuzungumza na mimi kwa adabu kama tunaposana. Akanionyesha moja kubwa, akaisifu, kioo kipana, unaona sinema vizuri. Nikamwambia hatutaki sinema, nyumbani kuna msiba. Akatoa ndogo. Nikamwomba kigoda, nikakaa, nikaiweka mapajani kama mtu anayempakata mtoto, nikaona inatulia. "Hii imenikaa mapajani," nikasema. Kwenye simu Zuhura akawa ananong'ona bado, mama muulize hiki, mama muulize kile, na mimi nimechoka, jua la saa sita linanichoma kisogo. Dada akasikika kwa mbali, sauti kavu, "Mwambie aje nayo kama imemkaa mapajani, bada linapoa."

Kitu kipya kikiingia nyumbani kwetu hufukizwa udi kwanza. Mara hii udi ulikuwa umehamia kwa Bi Chiku, kwa hiyo kompyuta iliingia hivyo hivyo, kavu. Zuhura akaiweka juu ya kibao changu cha kusukumia chapati, kibao juu ya mto, mto juu ya mkeka, akaiwasha. Kabla haijawaka, kioo chake kilikuwa cheusi kinang'aa, na dada aliyekuwa ameinama nyuma yake akaona sura mbili humo ndani, yake na ya Zuhura. Akaifunika haraka kwa kiganja. "Nimefunika kabati zima," akasema, "halafu mmeniletea kioo kingine mlangoni." Zuhura akamweleza kwamba ikiwaka haionyeshi sura, inaonyesha maandishi. Dada akakubali. Akauliza, na hili tundu dogo hapa juu? Zuhura, ambaye hajawahi kujua kudanganya, akasema hilo ni jicho, kwa hilo watu wa mbali wanamwona aliye mbele. Dada hakugomba. Alikwenda kwenye mkoba wake, akachukua plasta la kidonda alilokuwa akijibandika kisiginoni, akakata kipande kwa meno, akakibandika juu ya jicho, akakipiga pasi kwa kidole gumba. "Soma sasa," akasema.

Akasoma. Mchana kutwa alikuwa anapiga vile vitufe, na mimi nikiwa uani napika nilikuwa nasikia mlio wake kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Andiko lake lilihusu watoto wa chekechea wanavyojifunza kuhesabu kwa kokwa za ukwaju. Dada alianza kwa kukaa mbali, akasogea, akasogea, mwisho akawa anachambua mchele bega kwa bega naye na kumuuliza, "Huyo mtoto wa jana, kashajua kutoa au bado?" Siku moja ilitokea balaa. Zuhura alikwenda kuswali adhuhuri akaiacha inawaka. Dada akaona si heshima kitu cha maana kukaa uchi, akachukua kitambaa chake cha kufuma, kile alichofunikia redio yake miaka yote, akakikunja mara mbili akaifunika vizuri, kotekote. Zuhura aliporudi ilikuwa ya moto kama pasi ya mkaa, na imezima. Kazi ya asubuhi nzima ilipotea. Nilidhani mtoto atalia, au atasema neno la kukosa adabu. Akakaa tu, mikono mapajani. Dada akasimama pale na kitambaa chake. "Chombo gani hakitaki kusitiriwa?" akauliza, na sauti yake haikuwa na nguvu. Kisha akakaa chini, akachukua ungo wa mchele, akaanza kuipepea kompyuta. Akaipepea mpaka alasiri. Zuhura akaanza upya. Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa nilimwona anajizuia kucheka.

Basi walimu wakapanga siku. Wataketi huko waliko, watatu, Mwalimu Mhando, Mwalimu Mbwana na Mwalimu Kiondo, na Zuhura ataeleza andiko lake kwa kompyuta. Habari hiyo sijui nani aliipeleka kwa Athumani, lakini siku mbili kabla alikuja, akavua viatu, akaamkia vizuri, "Shikamoo mama, shikamoo bi mkubwa," tukamwekea kahawa barazani. Alikuwa bado amechakaa kwa msiba, shati limemning'inia. Akasema, "Nimesikia shemeji ataonyeshwa kwa wanaume watatu."

"Hataonyeshwa," nikasema. "Atazungumza."

"Mama, ndugu yangu udongo wake haujashuka. Watu wa msikitini wananiuliza mimi. Wanasema, hivi Athumani, kwenu eda siku hizi inakaliwa kwenye televisheni?"

Nami niliogopa hivyo hivyo. Dada alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka, akakaa mbele yake, jambo asilolifanya mara nyingi na mwanamume. "Athumani," akasema, "pale nje ya geti, Raskazone, Salimu akila muhogo, ulipita siku moja na pikipiki yako. Ulimwambia nini?"

Athumani akatazama kikombe.

"Ulimwambia amegeuzwa tarishi wa mkewe. Akakujibu nini?"

"Aliniambia anangoja mwalimu."

"Haya. Mimi na wewe hatujui kama inafaa au haifai. Usiniletee watu wa msikitini barazani. Nitakwenda mwenyewe kwa anayejua. Akisema hapana, itakuwa hapana, na mtoto atarudia mwaka. Kunywa kahawa yako."

Kesho yake dada alivaa baibui akaenda kwa maalim aliyetusomesha sisi sote, kwa miguu, na goti lile. Nilimwona anavyogeuka kona ameshika ukuta. Zuhura hakugusa kompyuta siku hiyo. Alikaa nayo imefungwa, plasta juu, anaisokotasokota kanga yake vidoleni. Dada aliporudi alikunywa maji, akaswali, akala. Nikamuuliza kasemaje, akaniambia nimwache apumue. Asubuhi yake, siku yenyewe, ndipo aliposema, akiwa anamfunga Zuhura ushungi mweupe: "Kasema mwenye haja hazuiwi. Ajistiri, aseme la haja, amalize." Nikamuuliza mbona hukusema jana tukalala kwa raha. "Nilitaka nilale nalo mimi kwanza," akasema. "Akikosea, nitakayeulizwa ni mimi niliyemlinda." Lakini plasta hakulitoa. Aliona sauti inatosha.

Nieleze vizuri tulivyokaa, maana hapa ndipo tunapobishana. Zuhura alikuwa mkekani, kompyuta juu ya kibao cha chapati, mikono yake yote miwili ndani ya ushungi. Dada alikuwa pembeni nyuma yake, tasbihi mkononi. Bi Chiku alikuwa nje kichochoroni, kazi yake kunyamazisha redio na watoto. Mimi nilikuwa dirishani, mkono juu, nimeishika simu kwenye nondo, kwa kuwa kompyuta ilikuwa inakula mtandao wa simu na mtandao ulikuwa unapatikana pale tu. Mkono ukafa ganzi, nikaubadili, wa pili nao ukafa. Walimu wakatokea kwenye kioo kila mmoja katika kidirisha chake. Zuhura akaamkia, akaanza. Mwalimu Mhando, mtu mpole, akamkatisha. "Mwalimu Zuhura, pole sana kwa msiba. Tunakusikia, hatukuoni. Utaratibu unatutaka tukuone ndipo tuendelee."

Zuhura hakusogea. Nilimwona anageuza kichwa nyuma kidogo tu. Mimi nikamwangalia dada. Nilimsikia goti likilia alipoinuka. Akaja, akainama juu ya bega la mtoto, akatia ukucha wa kidole gumba chini ya plasta, akalivuta kuanzia upande mmoja, polepole, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mwingine. Na pale kwenye kioo, katika kidirisha kilichokuwa cheusi, sura ya Zuhura ikatokea.

Hakuwa ameiona tangu Salimu afe. Vioo vyote tulikuwa tumemfunikia, na kompyuta alikuwa anaifungua na kuifunga huku akitazama pembeni, kama alivyofundishwa. Sasa akajiona ghafla: mashavu yameingia ndani, macho makubwa, weupe wa ushungi pande zote. Akatoa mkono akajishika shavu, na yule wa kwenye kioo akajishika. "Tunakuona, Mwalimu Zuhura, karibu uendelee," Mwalimu Mhando akasema. Hakuendelea. Nikasema moyoni, imekwisha, bora angebaki gizani. Nilitamani kuiacha simu nimshike, lakini nikiiacha simu walimu wanapotea. Hapo dada, aliyefunika kabati kwa mkono wake mwenyewe, akainama zaidi mpaka sura yake nayo ikaingia kidirishani, walimu watatu wakamwona, bibi kizee na tasbihi. Hakuwatazama. Alimtazama Zuhura wa kwenye kioo, akamwambia Zuhura wa mkekani, "Ndiye wewe huyo. Umekonda, lakini ndiye wewe. Sema na wenzio, wanakungoja."

Akasema. Akaeleza kokwa za ukwaju tangu mwanzo mpaka mwisho, wakamuuliza, akajibu, na nilipoteremsha mikono sikuweza kuishika hata kata ya maji. Walipotoweka kwenye kioo, dada alichukua plasta lile lile, likawa halishiki tena, akalilowesha mate, akalibana juu ya jicho mpaka likakubali. Akarudi kwenye mchele wake. Hakumsifu. Eda ilipokwisha alilitoa shuka kwenye kabati, akamwita Zuhura aje ajitazame kama ilivyo desturi, na Zuhura akamjibu, "Nilishajiona, mama mkubwa." Dada akakunja shuka. Zuhura alifaulu, leo ana darasa lake kubwa na kompyuta nyingine, na ile ndogo ilipochakaa dada aliiomba. Kila akija Ijumaa alikuwa akimuuliza, "Kile kioo chako kipya kimekula leo?" yaani kimepata chaji. Hilo ndilo neno pekee alilowahi kutuambia sisi juu ya mwaka ule.

Kwa hiyo ukumbini, siku ya arobaini, Zuhura anasema alilibandua yeye, kwamba anakumbuka gundi kidoleni. Bi Chiku anasema liliungua kwa joto likadondoka, ingawa yeye alikuwa kichochoroni. Hemedi anasema plasta haliwezi kudondoka kwa joto lile. Athumani, mvi zimemjaa sasa, akasema, "Mimi bi mkubwa aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake. Nilimuuliza baada ya eda. Alisema hakuligusa, lilijitoa." Nikajua kwa nini alimwambia hivyo: Athumani alitaka kuendelea kuingia nyumba hii bila kulaumiwa na watu wa msikitini, na dada akamtafutia njia ya kuingilia. Zuhura akatia ukucha chini ya plasta atuonyeshe lilivyo jepesi kutoka. Nikamwekea mkono wangu juu ya wake. Nikamwambia liache, likae hivyo alivyoliweka marehemu.

Tumeifunga tena katika kitambaa chake, iko kabatini kwangu. Waliokuwa chumbani siku ile tulikuwa watatu, na mmoja ameondoka. Nimeandika nilivyoona kutoka dirishani, mikono juu, na macho yangu wakati ule yalikuwa mazima. Lakini nimechoka, na mtu aliyechoka huweza kumpa marehemu wake kilicho cha mwingine. Kama wewe ulikuwa mmoja wa wale walimu, na uliuona ule mkono ulipokuja kwenye jicho, ukaona ni wa msichana au ni wa mzee mwenye ukucha mrefu, njoo unisahihishe. Nyumba ni ile ile, ukuta mmoja na Bi Chiku. Bisha hodi ungoje kidogo, siku hizi nachelewa kuinuka.